Mkwe wa Rukara

Mimi ndiye niliyemfuta Mama Jado. Sikujua kwamba ni yeye, lakini kutojua hakunipunguzii kitu, kwa hiyo nalisema mapema kabla hujaanza kunihurumia.

Naitwa Kavuo. Nina duka hapa Kibabi, Masisi, tangu mwaka 1984, tulipoteremka kutoka Butembo mimi na mume wangu Stéphane na lori moja lililojaa chumvi. Stéphane akawa mtu wa barabara, Walikale, Itebero, mpaka Hombo, akifuata mawese. Mimi nikawa mtu wa kaunta. Hapa wananiita Mama Kanyere, kwa jina la mtoto wangu. Ukifika Kibabi ukamuulizia Kavuo, watu watakuapia kwamba hakuna mtu kama huyo. Wanawake huku tunaitwa kwa watoto wetu, majina yetu wenyewe tunayaacha kwenye kitabu cha ubatizo, na hilo ndilo lililotuponza.

Mama Jado alikuwa anateremka kila asubuhi na maziwa kutoka kilimani kwa mkwewe, mzee Rukara. Jumamosi alileta pia fromage, yaani jibini, zile duara za manjano zinazotengenezwa huku kwetu. Alikuwa anakaa juu ya gunia, anaondoa viatu, anakanda miguu, na tunapiga gumzo mpaka wateja wanakasirika. Mimi Munande, yeye mke wa wafugaji wanaosema Kinyarwanda. Tulikuwa tunachekana. Yeye alinicheka kwa kupenda kazi kama vile nimelaaniwa, mimi nilimcheka kwa kuwaimbia ng'ombe sifa na kuwasahau watoto.

Nilipenda sana kumchokoza kwa jambo moja. Kwao mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba wa mume wake. Hataji kabisa, hata nyumba ikiungua. Basi mimi nashika fromage mkononi, mbele ya wateja, nauliza: "Hii iko ya nani?"

"Ya kule kwetu."

"Kwetu kwa nani?"

"Kwa mwenye lupango, mwenye boma."

"Huyo mwenye lupango hakubatizwa?"

"Mama Kanyere, weye iko mubaya kabisa!" Na anafunika uso kwa kitambaa, anacheka mpaka machozi. Mzee mwenyewe alikufa mwaka 1994, wakamzika nyuma ya zizi, na hata baada ya kifo chake hakumtaja. Alisema kifo hakiondoi heshima, ndiyo kwanza kinaifunga.

Mwaka 1996, vita ilipofika vilimani, waliondoka. Alipita dukani asubuhi, mvua inanyesha, ana mimba, mkono mmoja amemshika Jado. Mume wake, Evode, alibeba godoro kichwani. Akaniambia watarudi kabla maharage hayajavunwa. Evode aliuawa njiani, kabla hawajaufikia mpaka wa Rwanda. Jado alikua kambini kule Rwanda, akapata miaka kumi na sita, akafuata jeshi mojawapo, na mpaka leo hakuna anayejua aliishia wapi. Haya yote nilikuja kuyajua baadaye sana. Wakati ule nilijua tu kwamba maharage yalivunwa, yakapandwa, yakavunwa tena.

Nilikuwa na hamu naye mpaka nikawa nakasirika. Mwanamke mwingine akiketi juu ya magunia yangu namwinua. Niliwahi kumfokea mama wa watu, mjamzito, kwa sababu alivua viatu.

Halafu mwaka 2010 tukasikia redioni kwamba Congo na Rwanda pamoja na shirika la wakimbizi wametia saini karatasi moja, watu warudi kwao. Kila mahali ikaundwa kamati ya wenyeji. Kazi yake ilikuwa kusoma orodha zinazotoka kambini na kusema: huyu ni wa kwetu, huyu hatumjui. Kibabi tulikuwa watu saba, kila kabila na kiti chake. Kiti cha Wanande nilikalia mimi. Nilikipenda, nisiseme uongo. Nimekaa hapa miaka yote hiyo, na bado kuna watu waliokuwa wananiuliza kwetu ni wapi na nitarudi lini. Sasa ni mimi niliyekuwa nauliza.

Mwenyekiti wetu alikuwa Papa Jean-Marie, Muhunde, mwalimu wa zamani, mtu wa rula na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Na shirika lilimtuma Céline, mtoto wa Kinshasa, mpole, Kiswahili chake cha kuokoteza, Kifaransa chake cha mbio. Tulikutana katika darasa, tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu.

Mwezi wa pili mwaka 2012 ilikuja orodha ya watu mia moja arobaini. Papa Jean-Marie alisoma tangu asubuhi. Wengi tuliwatambua kwa furaha, wengine kwa mashaka. Lazima uelewe: vilima vyao vilikuwa vimeshapata watu. Upande huu wamelima waliokimbia vita ya Walikale, upande ule wanalisha ng'ombe wa mkubwa fulani wa jeshi. Kila jina lililosomwa lilikuwa na shamba nyuma yake. Mtu alikuwa hasikii jina bila kuuliza moyoni, huyu anakuja kulala wapi?

Tumechoka, tumbo linanguruma, Papa Jean-Marie akasoma: "Uwamariya. Mujane. Miaka makumi ine na saba. Binti moya. Kibabi. Jina ya baba mukwe, mwenye shamba," akasogeza miwani, "hajui."

Hakuna aliyeinua mkono. Akina Uwamariya ninaowajua wanajaa lori. Ndipo mimi, kwa mdomo wangu huu, nikasema: "Mwanamuke hajui baba mukwe wake? Huyu iko natafuta shamba, atafute kwao."

Watu wakacheka. Walicheka vizuri, hata Céline alipotafsiriwa. Papa Jean-Marie akachukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya jina, ulionyooka kama mistari yake yote. Nikarudi nyumbani nimeshiba sifa.

Siku tisa baadaye Archange, dereva anayetuletea bidhaa kutoka Goma, alishusha sukari na akanipa kijikaratasi chenye namba ya simu. Amekutana na mama mmoja mpakani, aliyepewa ruhusa ya kutoka kambini siku moja. Huyo mama alimuuliza kama anafika Kibabi, na kama Mama Kanyere wa duka angali hai.

"Anauliza kama liste ilifika," Archange akasema. "Nilimuambia weye iko mu kamati, akasema basi atakuwa amesomwa."

"Nani huyo?"

"Mama Jado."

Nilipiga kelele ya furaha. Stéphane akatoka nyuma mbio, anafikiri nimeibiwa. Nikamwambia Archange hapana, Mama Jado hakusomwa, mimi ningemtambua hata usingizini. Akajikuna kichwa.

"Mu karatasi banamuandika Uwamariya," akasema.

Niliketi juu ya gunia, mahali pake. Miaka kumi na miwili alikaa hapo, na sikuwahi kumuuliza jina lake.

Nilipiga simu siku hiyohiyo. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika lakini ilikuwa yeye. Kwanza tulilia, kisha tukacheka kwa sababu tunalia, kisha nikamwambia ukweli wote, pamoja na yale maneno yangu na kicheko cha watu. Akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia: "Weye? Ni weye njo ulisema vile?"

"Miye."

"Na ulikuwa unajua desturi yetu."

"Nilijua. Lakini kwa nini ulisema hujui?"

"Sikusema sijui. Mwandikaji wa kambini aliniuliza, nikanyamaza. Akauliza tena, nikanyamaza. Yeye njo aliandika."

Kesho yake nilikuwa mlangoni kwa Papa Jean-Marie kabla hajanywa chai. Nilimwambia yule ni Mama Jado, mke wa Evode, mkwe wa Rukara, mwenye maziwa. Akashika kichwa. Alimjua vizuri, watoto wake walikunywa maziwa hayohayo. Lakini mstari ulikuwa umeshapigwa, na nakala zimekwenda Goma na ng'ambo. Tukamwita Céline. Akasema linawezekana jambo moja: aulizwe upya, mara moja tu, kwa simu, mbele ya kamati nzima, na ajibu mwenyewe. Shahidi haruhusiwi kumpa jibu. Watu wengi mno walikuwa wakisemeana kwa urafiki, na mimi nilikuwa wa kwanza kulalamika juu ya hilo.

Siku yenyewe simu iliwekwa juu ya meza ya mwalimu, sauti imefunguliwa. Upande wa pili, kambini, alikuwepo mtumishi mwingine wa shirika, na Mama Jado, na binti yake Benita, yule aliyekuwa tumboni siku ya mvua. Niliapishwa kunyamaza. Nikakaa nimekalia mikono yangu.

Akaulizwa maji walikuwa wanachota wapi. Akataja chemchemi, akataja na jiwe la kufulia, akasema ni nani aliyeteleza hapo akavunjika jino. Watu wakaanza kutabasamu. Akaulizwa mwalimu wa shule alikuwa nani. "Jean-Marie," akasema, "alikuwa anapiga batoto na mukono ya kushoto, na anaomba musamaha na mukono ya kuume." Darasa likacheka, Papa Jean-Marie akakohoa. Akaeleza njia ya kwao pole pole, kona kwa kona, mahali matope yanaposhika viatu mwezi wa nne, mahali unapoona ziwa kule chini kama hakuna ukungu. Nilimsikia akitembea. Alikuwa anapanda kilima kile mbele yetu, na sote tulikuwa tunapanda naye, hata wale waliolima pale.

Kisha Céline akauliza: "Jina la baba mkwe wako?"

Kimya. Tulisikia kuku wa kambini.

"Mama, jina la mwenye shamba?"

Kimya.

Papa Jean-Marie akamwambia Céline kwa Kifaransa, kisha akatueleza sisi kwa Kiswahili, kwamba wanawake hawa hawataji, ni heshima, na kwamba mwongo angekuwa ameshatoa jina lolote. Wanakamati wakaitikia. Hata Papa Maurice, ambaye maharage yake yalikuwa kwenye shamba lile lile, aliitikia, na nitamkumbuka kwa hilo.

Céline alikuwa karibu kulia. "Papa, mimi naamini," akasema kwa Kifaransa, na Papa Jean-Marie akatutafsiria. "Lakini karatasi hii inasomwa na ofisi tatu, na ofisi mbili kati ya hizo haziaminiani. Hapa pana nafasi ya jina. Nikiandika alinyamaza, wao watasoma hajui."

Ndipo nilipovunja kiapo changu. Sikulitaja jina, lakini nilisema neno ambalo mpaka leo linanikaa kooni. Nilisema: "Mama Jado, useme. Useme, urudi."

"Mama Kanyere." Sauti yake ilikuwa karibu mno, kana kwamba amesogeza simu mdomoni. "Njo weye unaniomba?"

"Njo miye."

Nilisikia anavuta pumzi. Wazee wa kamati wakaangalia chini, wote kwa pamoja, kama watu waliofungua mlango wakakuta mtu hajavaa.

"Rukara," akasema.

Na nyuma yake, sauti ya msichana: "Mama, huyo ni nani?"

Nilielewa hapo hapo, na nikaona aibu hadi vidoleni. Baba wa mtoto yule alikufa kabla hajazaliwa, kaka yake alipotea. Aliyebaki wa kumwambia ni mama, na mama hawezi kutaja. Benita alikuwa na miaka kumi na mitano na jina la babu yake alilisikia kwa mara ya kwanza siku ile, kutoka kwa simu ya kamati, kama jibu la swali la ofisi.

Papa Jean-Marie aliandika kwa wino mweusi. Kamati ikasaini, Céline akasaini, na karatasi ikaondoka. Wiki sita baadaye jibu likaja: wamekubaliwa wote wawili, msafara ni mwezi wa tano, Alhamisi ya pili. Nilipaka chokaa chumba cha nyuma, walale kwangu mpaka mambo ya shamba yapatane. Papa Maurice alikuja mwenyewe kuniambia akishavuna atarudi nyuma mpaka kwenye mpaka wa zamani, na kwamba hapendi kusemwa vibaya. Nikamwambia hakuna atakayemsema, na nikampa sabuni mbili bure, jambo ambalo halijawahi kutokea dukani kwangu.

Mwezi wa nne mwishoni askari waliasi. Unakumbuka mwaka ule. Bunduki zikalia huku juu, watu wa Mushaki wakashuka na magodoro, barabara ya Sake ikafungwa. Redioni serikali hizi mbili zikaanza kutupiana lawama asubuhi na jioni, na zile saini zao za pamoja sijui nani alizifungia kabatini. Hakuna aliyekuja kutuambia msafara umefutwa. Alhamisi ya pili ilifika, nikafua mashuka, ikapita.

Nilikuwa napiga simu. Benita ndiye aliyekuwa anapokea. Mtoto mwenye adabu, Kiswahili chake cha shule. "Mama yupo, lakini hataki simu," alikuwa akisema. Wiki ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Siku moja akaninong'oneza: "Mama mkubwa, huyo Rukara alikuwa mtu gani?" Nikamweleza. Alikuwa mrefu, mwenye hasira za asubuhi, ng'ombe zake aliwajua kila mmoja kwa kikohozi chake. Alikuwa anakuja dukani kununua tumbaku na kuniambia bei zangu zitanipeleka motoni. Aliniomba nirudie, nikarudia, akawa anaandika.

Wiki ya tatu Mama Jado alichukua simu mwenyewe.

"Uko na kasirani?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Basi semeshana na miye."

"Nilimutaja, Mama Kanyere," akasema. "Miaka yote ile sikumutaja. Nilimutaja juu ya kurudi, na sikurudi. Sasa nilimutajia nini?"

Mimi mwenye maneno ya kila bei, nikasema tu, nisamehe. Akasema si yeye wa kuombwa msamaha, wala si yeye wa kuutoa, ni mwenye lupango. Kisha akaniomba: "Panda kule. Weye hauko mukwe wake, weye unaweza kumuita. Umuombee miye musamaha."

Nilipanda Jumapili baada ya misa, siku ambayo bunduki zilikuwa zimetulia. Nina miaka sitini na miguu ya mtu wa kaunta, nilipumzika mara tano. Ng'ombe wa yule mkubwa wa jeshi walikuwa pale, wachungaji wake wakaniuliza natafuta nini, nikawaambia namtembelea mtu. Zizi halipo. Nyumba haipo, hata jiwe moja. Kaburi nililipata kwa kubahatisha, limezama, nyasi zimelifunika, ng'ombe wamelikanyaga. Niling'oa nyasi kwa mikono. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, na yote yalinikimbia.

Nikasema: "Mzee Rukara. Mkweo amekutaja. Usimkasirikie, mimi ndiye niliyemwambia. Alikuwa anataka kurudi nyumbani."

Nilisimama nikingoja, sijui nikingoja nini. Mimi ni Mkatoliki, sisemi na wafu. Mtandao kule juu ni mzuri kuliko dukani, kwa hiyo nikapiga simu. Alipokea kabla haijalia mara mbili, alikuwa ameishika mkononi tangu asubuhi.

"Umefika?"

"Niko naye hapa."

Ng'ombe mmoja akalia karibu yangu. Akasikia.

"Umemuambia?"

"Nilimuambia yote."

"Na anasema nini?"

Nimedanganya watu wengi maishani, juu ya sukari iliyolowa, juu ya tarehe za dawa. Mungu ananijua. Lakini hapo sikuona kama nadanganya.

"Anasema urudi," nikamwambia.

Alilia muda mrefu, nami sikukata simu. Alipoweza kusema tena, alisema pole pole, kwa ile sauti yake ya heshima, ya mkwe anayesimama mlangoni: "Umuambie niko narudi."

Nikamgeukia mzee nikamwambia.